Vidole Vitatu Chini

Siku ile mpumbavu alikuwa Hamissi, hakuna haja ya kuzunguka. Ukimkuta leo garajini kwake, avenyu ya saba, Buyenzi, atakuambia mwenyewe kabla hujamuuliza, maana mtu aliyewatania wenzake miaka thelathini anajua vizuri kwamba asipowahi kujicheka, watamcheka wao, tena bila huruma. Lakini zilipita wiki mbili nzima kabla hajaweza kulitoa kinywani, na hizo wiki mbili hamtakii hata mtu aliyemwibia jeki.

Mambo yalianza na Salem, kijana wa familia ya Waarabu wenye duka la vitambaa kule Rohero. Alikuwa amenunua Selika nyekundu, gari la milango miwili, injini inalia vizuri, rangi inang'aa. Kasoro ilikuwa moja tu, machoni pa Salem: gari lilisimama juu kama kuku aliyekanyaga maji.

"Fundi, mi nataka ishuke," akasema. "Vidole vitatu."

Buyenzi hakuna anayetoa rula kwa kazi kama hiyo. Fundi anaingiza vidole kati ya tairi na ukingo wa bodi, vinavyoingia anavihesabu, basi. Hamissi akavihesabu vyake, akatikisa kichwa kama daktari, wakaondoka pamoja kwenda kutafuta resori, zile springi za kubeba gari.

Hapo desturi ni moja. Mteja haendi kununua kipuri peke yake. Fundi ndiye anayechagua, fundi ndiye anayesema hiki kizima na kile kibovu, na neno lake ndilo garanti. Wakaenda kwa Zubeda. Huyu alikuwa mjane wa Massoudi, na Massoudi na Hamissi walijifunza ufundi wakiwa wamelala chali chini ya gari moja, ndiyo maana Hamissi alimwita shemeji. Tangu mumewe afariki aliendesha duka mwenyewe, resori zimetundikwa ukutani, amotiseri, zile za kuzuia gari lisidundedunde, zimepangwa sakafuni kwa urefu kama watoto wa madrasa.

Zubeda akashusha resori za aina mbili, akaziweka mezani.

"Hizi fupi zinashusha vidole vitatu," akamwambia Salem. "Lakini zinaenda na amotiseri zake, hizi hapa, nazo fupi. Ukifunga resori fupi na amotiseri ndefu za zamani, zinakuwa zimeshajikunja nusu hata gari haijatembea. Ukipiga shimo, hazina pa kwenda. Kama hutaki kubadilisha vyote, chukua hizi zingine, zinashusha kidole kimoja tu. Za zamani zitavumilia." Kisha akamgeukia Hamissi. "Na shemeji, usipime gari ikiwa tupu. Pima na watu ndani."

Yote yalikuwa kweli, na Hamissi alijua. Shida ni kwamba nje ya mlango mafundi wanne walikuwa wamekaa kwenye benchi wakinywa kahawa, na Salem alikuwa anamsikiliza Zubeda huku akiitikia kwa kichwa, "ndiyo mama, ndiyo mama," kana kwamba fundi aliyemleta ni mbeba mizigo. Kile kichwa cha Salem, kikienda juu na chini, kilimchoma Hamissi kuliko moto wa kuchomelea.

"Shemeji," akasema, kwa sauti ya kufika kwenye benchi, "amotiseri si sambusa, eti unaangalia rangi unajua imeiva. We uza. Sisi tutafunga."

Nje walicheka mpaka mmoja akajimwagia kahawa. Zubeda akafunga zile resori fupi kwa kamba, peke yake, bila amotiseri zake, akampa.

"Ego, haya," akasema. "Mi nimeshasema."

Garajini Hamissi akazijaribu amotiseri za zamani kwa mkono, akazikuta bado ngumu, akajipongeza. Lakini alipokwisha kufunga resori fupi na kuliteremsha gari juu ya magurudumu, akaona raba za nyuma, zile za kuzuia chuma kisigonge chuma, zimekwishagusa, gari limesimama tu. Palepale alikuwa na nafasi ya kurudi kwa Zubeda. Ni hatua mia moja. Akafikiria lile benchi, akafikiria watakavyomuuliza kama sambusa zimeungua, akachukua kisu akazikata raba nusu. Nafasi ikapatikana. Salem alipokuja akapiga picha gari lake mbele, nyuma, ubavuni, akamkumbatia fundi na mafuta yake yote.

"Mzee, we ni mwisho!"

Jumapili Salem akawapakia watu wa nyumbani kwenda harusini Mutakura. Mbele akakaa dada yake, Nura, amepakata sinia la halua. Nyuma wakabanana mama yao, Bi Siti, na mdogo wake, wanawake wawili wa kushiba, Mungu awahifadhi. Selika ikainama nyuma kama mtu anayetaka kuchutama. Hakwenda mbio. Alivuka tu mtaro wa maji ya mvua, kama magari yote yanavyouvuka, na nyuma ikashuka, ikatafuta pa kusimama, haikupata. Chuma kikagonga chuma. Amotiseri moja ikapasuka ikamwaga mafuta barabarani, halua ikaruka mpaka kwenye kioo, na Bi Siti akapiga ukelele mmoja akanyamaza. Mgongo. Daktari akasema alale wiki mbili, asiinue hata birika.

Kesho yake Salem akaja garajini. Hata hasira hakuwa nayo, na hilo ndilo baya. Wale mafundi wanne wa kahawa walikuwepo, wameacha kazi zao kuja kuona.

"Fundi, ilikuwa nini?"

Swali la maneno matatu, na jibu lake lilikuwa la maneno matatu vilevile: nilikata raba mimi. Hamissi akafungua kinywa, na kinywa chake, kilichozoea kukimbia mbele ya kichwa, kikasema:

"Resori za Zubeda, mwanangu. Zimelegea. Nimemwamini mke wa marehemu, ona sasa."

Siku hiyohiyo akazitoa, akarudisha zile za kiwandani, akatia na amotiseri nyingine na raba mpya bila kudai kitu. Resori fupi akazipeleka dukani akaziweka mezani mbele ya watu, kama desturi ya kurudisha kibovu. Zubeda akaziinua moja moja, akazigeuza, akaziangalia, akazitundika ukutani. Hamissi angependa atukanwe.

Fundi akishasema, amesema. Wiki haikuisha, mafundi wakawa wanawapitisha wateja mbele ya mlango wa Zubeda kama panapouzwa ugonjwa. Hamissi naye akaanza kwenda msikitini kwa kuzunguka avenyu ya tano, akidai anapenda kutembea. Utani ukamkauka. Asubuhi moja alipewa kahawa akainywa kimya, bila kusema ni maji ya kuoshea pistoni, mpaka muuza kahawa akamwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama ana malaria.

Mwisho wa wiki ya pili akanunua machungwa akaenda kumwona Bi Siti. Alimkuta amelala kwenye godoro chini, mto chini ya magoti.

"Karibu, fundi wangu," akasema mama wa watu. "Mungu akuzidishie. Bila wewe tungejua wapi kama yule mwanamke anauza vitu vibovu? Nimewaambia wanawake wote wa darsa wasikanyage pale. Na wewe nakuombea kila sala."

Hamissi alikuwa anamenya chungwa. Akaendelea kumenya mpaka maganda yakaisha, na kisu kikaingia kwenye nyama ya chungwa, maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Amina," akasema.

Ile amina haikushuka. Alilala nayo, akaamka nayo, na Ijumaa baada ya sala hakuzunguka tena. Akapita njia fupi mpaka mlangoni kwa Zubeda. Benchi la nje lilikuwa limehamishwa. Zubeda alikuwa peke yake, anafuta amotiseri kwa kitambaa chenye petroli, amotiseri ambazo zilishafutwa.

"Shemeji, salaam aleikum."

"Aleikum salaam."

"Zile resori zilikuwa nzima."

"Najua."

"Raba nilikata mi. Kwa kisu."

"Na hiyo najua. Wamesema chuma kimegonga chuma. Raba ingekuwepo, kingegonga namna gani?"

Hamissi akakaa juu ya ndoo bila kukaribishwa. "Sasa mbona hukusema?"

"Muuzaji aseme yake, fundi aseme yake. We unajua hapa wanamwamini nani."

Alijua. Ndiyo kisa akainamisha kichwa. Kisha akaanza kupanga mambo haraka haraka, kama mtu anayerudisha boliti alizomwaga.

"Bon, sikiliza. Wateja wangu wote nitawaleta kwako. Wote. Salem nitamwambia polepole, mbele ya safari, mama yake akipona vizuri. Bi Siti naye, mi nitajua namna."

"Na pale kwenye kahawa, mbele ya mafundi?"

"Pale apana, shemeji. Garaji yangu si mashine, garaji yangu ni jina. Nikisimama mbele ya wale watu niseme nimekata raba, nani ataniachia hata baiskeli?"

"Mi pia nilikuwa na jina."

"Si ndiyo nimekuja? Tumalize sisi kwa sisi, kifamilia. Hata Massoudi angekuwepo angesema hivyo."

"Massoudi mwache alipo."

"Basi, namwacha. Lakini mi nimekiri, shemeji, nimekiri kwa mdomo wangu, unataka nini tena..."

Zubeda akaweka kitambaa chini.

"Hamissi, kunichafua ulipiga kelele mpaka avenyu ya kumi wakasikia. Kunisafisha ndiyo unakuja kuninong'oneza?"