Mluzi wa Birika la Mama

Mwezi ule birika la Mama lilikaukiwa maji mara mbili juu ya moto. Mara ya pili jirani ndiye aliyekuja kuzima jiko, moshi umetanda jikoni, na Mama yuko barazani anashona vifungo, hana habari. Hapo mwanawe mkubwa wa kiume akakata shauri. Huyu nyumbani wanamwita Bwana Ratiba, maana hata chafya yake ina saa yake. Alisema Jumamosi saa kumi kamili atakuja na gari, Mama ahamie kwake.

"Hasikii tena," alimwambia dada yake mdogo, Kitindamimba, kwenye simu. "Birika linapiga mluzi, yeye katulia tu. Tungoje nyumba iungue?"

Mama hakubishana. Alisema tu kwamba nyumba hii ndiyo anayoijua gizani na mchana, na wakimtoa humu watakuwa wamemzika huku anapumua.

Kitindamimba alikuwa fundi wa maabara ya shule, mtu wa chupa na vipimo. Jumamosi mchana alikuja kumsaidia Mama kufunga virago, roho nzito kama gunia la mchanga. Akataka kwanza kuchemsha chai, akafunua birika. Loo! Ndani kulikuwa kweupe, gamba juu ya gamba, chokaa ya maji ya bomba iliyojijenga miaka nenda miaka rudi. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hiki kibaba hakuna aliyekiomba. Akachomoa kile kifuniko cha mdomoni chenye tundu la mluzi, akakipuliza. Kimya. Tundu lilikuwa limezibwa kabisa.

Akaanza kucheka peke yake. Kumbe si masikio ya Mama! Birika ndilo bubu, na Mama wa watu anasingiziwa!

Akatia siki na maji, nusu kwa nusu, akabandika kwenye moto mdogo. Kifuniko akakitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya limau. Mara vikaanza kunong'ona, povu jembamba likipanda na kushuka, na mvuke mchachu ukajaa jikoni hadi kioo cha dirisha kikafifia na uwanja wa nje ukawa kama unaelea. Akazima moto, akakaa kwenye kigoda kungoja. Macho yakamlegea.

Aliyaona magamba yakibanduka moja moja, na nyuma ya kila gamba kulikuwa na sauti. Mama alikuwa opereta wa simu kwa miaka thelathini; mji mzima ulipita masikioni mwake, harusi na misiba, wapendanao na wadai. Sasa sauti zile zilitoka birikani taratibu, zikazunguka chini ya dari, na Mama, kijana, mwembamba, akiziambia zote zisubiri kidogo, anaziunganisha. Kitindamimba alitaka naye aunganishwe. Alitaka kumwambia Mama jambo, ila kila akifungua mdomo maji yalikuwa yakicheka.

Honi ya gari ikamwamsha. Saa tisa! Bwana Ratiba, tangu azaliwe, leo ndiyo kawahi kwa saa nzima.

Alikurupuka, akamwaga siki pamoja na magamba yaliyokuwa yakielea, akasugua kwa ganda la limau, akasuuza mara moja. Ilitakiwa achemshe maji matupu kwanza na kuyamwaga, harufu ya siki iishe. Kazini angemgombeza mwanafunzi kwa uvivu huo. Lakini nani alikuwa na muda? Akajaza maji, akarudisha kifuniko cha mluzi, akabandika.

"Kaka, nipe dakika kumi," alisema. "Mama yuko barazani, ametupa mgongo. Birika likilia asipogeuka, mchukue. Akigeuka, anabaki."

Kaka alimtazama, akatazama saa yake. "Haya. Liwalo na liwe."

Wakasimama mlangoni. Mluzi ukaanza, mwembamba, kisha ukapanda hadi ukawa wa kuchoma. Mama alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Hakutikisika. Kaka alishusha pumzi.

Mvuke ukatoka dirishani, ukaburuzika polepole hadi barazani. Mama akainua pua. Akaweka sindano chini, akainuka.

"Nyie watoto, maji yamechemka mnayatolea macho tu?"

Bwana Ratiba alikaa chini palepale na kufunika uso kwa viganja. "Nisamehe, Mama," alisema. "Nilikuonea." Machozi yalimtoka, maskini, na wala hayakuwa kwenye ratiba.

Mama alimgusa bega akapita kwenda jikoni. Kitindamimba alimfuata, furaha imemjaa, na pale mlangoni harufu ya siki ikampiga puani. Furaha ikamkatika. Mama alisimama mbele ya birika lililokuwa likipiga kelele za kupasua masikio, akalitazama kwa upole, kisha akamgeukia bintiye na kumwuliza kwa sauti ya chini, ya mtu anayeona haya:

"Linalia?"

Kitindamimba alimshika mikono yote miwili. Ilikuwa baridi. Akaitikia kwa kichwa, na Mama akatazama sakafu.

"Usimwambie kaka yako."

"Nitamwambia, Mama," alisema karibu na uso wake, polepole, midomo ionekane. "Nitamwambia husikii. Na nitamwambia virago vitakavyopakiwa leo garini ni vyangu, avilete hapa, nije nikae nawe."

 Mama akanyoosha mkono akazima jiko.