Kisima cha Marehemu Zubair

Zubair alipojua kifua hakitampa nafasi, alimwita fundi akamchimbia kisima nyuma ya nyumba yake mjini Voi, maji yawe bure kwa kila mwenye ndoo. "Nikishalala mchangani," alimwambia mkewe Mwanamvita, "kila atakayekunywa atanichumia thawabu. Usikifunge, mke wangu."

Mwanamvita alikitunza kisima kile kama kaburi. Mifereji ya mji ilipokauka, na haikuwa nadra, mtaa mzima ulihamia kwake. Jirani yake Wakio, aliyeshuka kutoka Werugha, huko milimani, alipoolewa na Thadeus wa reli, hakuteka bila kumwombea marehemu, kwa sala zake za kanisani. "Mungu ni mmoja, Bi Mwanamvita," alizoea kusema, nao wakicheka.

Kisha zikaja mvua za Elnino. Mto ukavunja kingo, vyoo vya shimo vikafurika, na kipindupindu kikaingia mtaani. Bwana Afya, Ndulu, akafika kisimani na viatu vyake vya mpira, akakitazama choo kilichotitia upande wa juu, karibu mno.

"Mama, maji haya yamechanganyika. Funga."

"Yaonje kwanza, ndipo uyasingizie."

"Ubaya wake hauna ladha. Basi watu wachemshe."

"Kwa kuni zipi? Zote zimelowa. Wataka nimkatie marehemu thawabu zake?"

Pale pale, mbele ya wanawake waliopanga ndoo, akachota kikombe akakinywa hadi tone la mwisho. Ndulu akaondoka akitikisa kichwa. Wakio akajaza ndoo yake, akajitwika.

Mwanamvita hakupatwa hata na kichefuchefu. Aliyepatwa ni Wakio. Kesho yake adhuhuri, Mwanamvita alimkuta amelala kwenye mkeka, macho yamedidimia, vidole vimejikunja kama vya bibi kizee, na Thadeus anamfuta.

"Maji," Wakio alinong'ona.

Mwanamvita aliunyooshea mkono mtungi uliokuwa pembeni, mkono ukagoma. Alijua maji yale yalikotoka. Nyumba nzima haikuwa na mengine. Thadeus alimtazama, asielewe, akachota mwenyewe akamnywesha mkewe.

Magari yalikuwa hayapiti, tope tupu. Walimpakia Wakio kwenye mkokoteni, Thadeus akavuta, Mwanamvita akasukuma huku buibui likiburuzika matopeni. Hospitalini walilaza watu hata varandani. Kabla muuguzi hajaupata mshipa, Wakio alikuwa amekata roho. Akazikwa huko huko Voi, haraka, maana njia ya kupanda Werugha ilikuwa imeporomoka na maiti wa ugonjwa ule hawakungojewa.

Walipotoka makaburini, Mwanamvita alikata kamba ya kisima, akaanza kutupa mawe ndani. Wanawake wakamzunguka na ndoo zao.

"Sasa tunywe nini?" mmoja akalia. "Mtoni mnaelea mizoga!"

Mwanamvita aliokota jiwe jingine. Thadeus akaja na sepetu, akasimama kando yake.

"Alikuwa akisema maji ya kwako hayawezi kumdhuru," alimwambia. "Kwa kuwa ulikunywa."

"Nisamehe, baba."

Thadeus aliinama, akachota udongo kwa sepetu akaumwaga ndani ya kisima, akachota tena. Wanawake wakangoja kidogo, kisha wakachukua ndoo zao, mmoja baada ya mwingine, wakateremka mtoni.