Tope la Bwana Kienzle

Jumamosi ile ilikuwa zamu ya Gerlinde Häfele kufagia ngazi, na kwenye jengo lao pale Reutlingen, Ujerumani, zamu ya ngazi haina mzaha. Alipomaliza, mkono haukutaka kutulia. Akaliona chujio la tangi la samaki, sifongo yake imejaa tope la kahawia, akaona aibu kama vile wageni wako mlangoni. Akaisugua kwa maji ya moto hadi ikarudia ubuluu wake wa dukani.

Mumewe, Eugen, alikuwa amefariki mwezi wa Machi. Nguo zake Gerlinde alishazigawa. Walibaki samaki bapa wanne wenye milia myeusi, aliowalea marehemu miaka saba, na kila jioni mjane alikula mkate wake mbele yao ili asile peke yake.

Jumanne asubuhi wote wanne walikuwa juu ya maji, wakihema midomo wazi. Mtu wa kumuuliza alikuwa mmoja tu: Bwana Kienzle wa ghorofa ya tatu, mwanachama wa chama cha wafuga samaki, ambaye Gerlinde alikuwa amemsema miaka kumi na miwili kwa kufagia ngazi juujuu. Akameza kiburi, akapanda kugonga.

Kienzle alishuka, akalitazama tangi, akaifunua sifongo.

"Umeiosha, Bi Häfele?"

"Kwa maji ya moto. Ilikuwa chafu mno."

"Ule haukuwa uchafu. Wale walikuwa vibarua wako, na umewachemsha wote."

"Vibarua gani tena?"

"Bakteria. Samaki wanajisaidia humo humo wanamoishi, na hiyo taka inageuka amonia, sumu kali. Bakteria wa kwanza wanaila, wanaacha sumu nyingine. Wa pili wanaila hiyo nayo, kinabaki kitu hafifu, unakitoa ukibadilisha maji. Sasa hakuna wa kula. Samaki wanaungua mashavu wanayopumulia."

"Eugen hakuniambia."

"Alidhani ana muda," Kienzle alisema polepole.

Wakabadilisha nusu ya maji. Kisha Kienzle akaleta ndoo kutoka kwake, ndani yake sifongo nyeusi, nzito, ya chujio lake mwenyewe. Akaikata katikati kwa mkasi, nusu akaipachika kwenye chujio la Gerlinde, akakamua na tope lake humo. Maji yakawa rangi ya chai. Gerlinde alifunga mikono nyuma ya mgongo asije akamzuia.

"Usiwalishe siku tatu. Maji ubadilishe kila siku. Na sifongo ikiziba, isuuze kwenye ndoo ya maji ya tangi lao, basi."

Kila jioni Kienzle alishuka na vichupa vyake vya kupimia. Samaki mmoja alikufa Alhamisi. Gerlinde alimlilia bila kuficha. Watatu wakashikilia. Siku ya kumi na moja kipimo hakikuonyesha sumu yoyote, na watatu hao wakagombania chakula.

"Nimekusimanga miaka yote hiyo kwa ajili ya vumbi," Gerlinde alisema. "Na wewe umenirudishia nyumba yangu. Asante. Sijui niseme nini zaidi."

"Ngazi kweli nazifagia vibaya."

"Vibaya sana. Lakini kuanzia leo niite Gerlinde," alisema, akimnyoshea mkono.

Bwana Kienzle, ambaye alikuwa ametoka kulikagua chujio, aliutazama mkono wake uliojaa tope, akasita.

"Basi mimi niite Ottmar," alisema.

Gerlinde akaushika mkono ule vilevile ulivyo, kwa mikono yake yote miwili.