Tope Lililoshikana

Mhandisi wa gati jipya alikuwa ameketi chumba cha nje, akigongagonga kalamu mezani, akisubiri ripoti ya udongo wa chini ya bahari. Mjomba wangu, fundi mkuu wa maabara, alikuwa ameshaijaza. Ilibaki saini tu. Kazini wanamwita Chekeche, maana kosa halipenyi kwake.

Nilikuwa naosha vyombo nilipoiona silinda ya sampuli ya tano. Maji yake yalikuwa yametakata, udongo wote umelala chini.

"Mjomba, hii uliikoroga saa ngapi?"

"Nusu saa iliyopita. Imetuama upesi, basi ni mchanga. Niletee kalamu."

Sampuli ile niliipokea mwenyewe ilipotolewa chini ya bahari. Iliteleza vidoleni kama sabuni, na mchanga hautelezi. Nikachovya kidole kwenye silinda, nikalamba.

"Kwani leo hukunywa chai?" Mjomba akacheka.

"Ina chumvi."

Kicheko kikakatika. Chumvi ikibaki, chembe za udongo wa mfinyanzi hushikana zikawa mabonge, na mabonge huzama haraka kama mchanga. Ndiyo maana tunasuuza mara tatu kabla ya kupima.

"Jana maji yalikatika," akasema polepole. "Nilisuuza mara moja."

"Tupime upya."

"Mpwa wangu, miaka ishirini na sita sijawahi kukosea ripoti. Yule hapo nje anatafuta sababu tu ya kupeleka kazi kwingine."

"Na nguzo zikididimia kwenye udongo laini watu wakiwa juu ya gati?"

Akaisogeza ripoti kando. Nikachukua sehemu iliyobaki ya sampuli, nikaisuuza mara tatu, nikatia dawa ya kuachanisha chembe, nikakoroga. Tukasimama mbele ya silinda mbili, tukingoja.

Mlango ukagongwa. "Jamani, mnapima au mnapika?"

Nusu saa ikatimia. Ya kwanza ilikuwa angavu kama maji ya kunywa. Ya pili ilikuwa nzito kama chai ya maziwa, haionyeshi hata kidole upande wa pili.

Mhandisi akaingia bila kukaribishwa. "Nani anayenichelewesha?"

Nikafungua mdomo nijitwishe lawama.

"Mimi," Mjomba akawahi. "Nilipima vibaya. Kule chini ni udongo wa mfinyanzi, si mchanga. Mmeshasimamisha nguzo ngapi?"

"Hata moja. Tulikuwa tunangoja karatasi yako."

Mjomba akashusha pumzi, akaketi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mhandisi akazitazama silinda zote mbili, akavuta kiti.

"Haya, nielezeni," akasema.