Sura ya Mwisho Ubavuni mwa Sangara

Jumanne asubuhi Lukresia alikuwa amechuchumaa mwaloni Bukima, mitumbwi inaposhusha samaki, miwani imemshukia puani, akisoma sato. Sentensi ilikuwa ndefu, imeanzia shavuni na kuishia karibu na mkia. Dorah, mpara samaki, alimsubiri kisu mkononi.

"Umemaliza, dada? Mteja amesimama."

"Bado mstari mmoja."

Hali ilikuwa hivyo tangu Februari, ofisi moja ya mjini ilipotaka kugeuza chumba cha kusomea kiwe ukumbi wa semina, ikabeba vitabu vyake vyote na kuvimwaga ziwani. Samaki walivila, na maandishi yakawatoka ubavuni. Wavuvi walinung'unika siku mbili, kisha wakaona ladha ni ileile.

Lukresia alikuwa ameandika riwaya tatu, na zote zilitokana na chumba kile. Alisoma humo kila Jumamosi kwa miaka kumi na tisa, akisaini daftari mlangoni. Kila kitabu alichokipenda sana hakukimaliza. Alijibakizia sura ya mwisho, kama mtu anavyosogeza mnofu pembeni ya sahani, akisema ataila uzeeni. Alichokipenda kuliko vyote kilimhusu mkunga aliyeamriwa kuhama kijiji chake. Jalada lilikuwa limeng'oka zamani, hakujua hata nani alikiandika. Alikuwa amekisoma mara kumi na moja, akiishia ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Nakala ilikuwa hiyo moja tu.

Saa nne mtumbwi wa Evance ulileta sangara mzito. Dorah ndiye aliyemwona.

"Dada, mia mbili na kumi na tatu hiyo hapa!"

Lukresia alipiga magoti kwenye matope. Mkunga alikuwa amesimama mlangoni, mzigo kichwani. Alisoma mistari sita, kisha wakala wa kiwanda cha minofu akamshika sangara mkia. Sangara wote wanono ni wa kiwanda. Minofu inapanda ndege, vijijini yanarudi mapanki, vichwa na mifupa.

"Niachie dakika kumi tu, mwanangu."

"Gari ya barafu haisubirigi mtu, mama."

Aling'ang'ania. Wapagazi wawili walimbandua vidole, kimoja kimoja, kwa adabu, na gari likaondoka.

Florian Mugeta, ofisa wa ofisi ile aliyeidhinisha kumwagwa kwa vitabu, alikuwa ameegesha pikapu yake hapohapo. Lukresia alimwendea.

"Mmenipora!"

"Mama, takwimu zetu hazikuonyesha msomaji hata mmoja."

"Jina langu limo daftarini kila Jumamosi!"

"Daftari liko wapi?"

Lukresia alinyoosha kidole ziwani.

"Mimi juzi nimempara ningu ana saini yake mgongo mzima," alisema Dorah. "Mnatufanyaga wajinga sana nyie."

"Huyo ningu yuko wapi?"

"Ameliwa."

Florian aliandika kwamba ushahidi haukupatikana. Alieleza, bila ubaya wowote, kwamba samaki wamenenepa tangu Februari na ofisi imeona iongeze juhudi. Kisha akairudisha pikapu kinyumenyume hadi majini. Nyuma kulikuwa na maboksi ya vitabu vya shule, na juu ya boksi la kwanza ilikaa riwaya ya Lukresia mwenyewe, kurasa zimegandana, haijawahi kufunguliwa. Lukresia aliichukua, akaikumbatia kifuani.

"Hiyo ni mali ya ofisi, mama. Rudisha."

Hakurudisha. Florian aliivuta taratibu kutoka mikononi mwa mama huyo, akaitupa ndani ya maji. Samaki wadogo aina ya furu walikuwa wameshakusanyika.