Safi, Wifi?

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, chupa ya maji ya kisima, iliyotiwa dawa ya kupimia, ilikuwa nyeusi. Ile ya pili, ya maji yaliyochemshwa ya kulinganishia, ilikuwa angavu kama jana. Mpimaji wa maji alizisogeza dirishani, akahakikisha, akaandika saa na rangi kwenye daftari. Weusi ni dalili ya kinyesi.

Chupa haisemi kinyesi ni cha nani, lakini choo kilichokuwa karibu kilikuwa kimoja tu. Mwezi uliopita wifi yake, mjane wa kaka yake, alichimba choo kipya upande wa juu wa kisima. Mpimaji alipima kwa kamba: mita kumi na moja. Kanuni inataka thelathini. Alinyamaza. Tangu kaka afariki, hakuna mwingine aliyebisha hodi kwake ila wifi.

Alikuwa bado anatafuta kufuli ya pampu, wifi akapita nje na ndoo.

"Safi, wifi?"

"Safi."

Kwa miaka minne waliulizana hivyo kila asubuhi. Ilikuwa salamu, ilikuwa pia taarifa ya maji. Mpimaji aliitikia salamu. Wifi akasikia taarifa. Mkono wa pampu ulilia, ukanyamaza. Mpimaji alipotoka, wifi alikwisha kuondoka na ndoo yake.

Alifunga pampu kwanza, ndipo akamfuata. Alimkuta uani, binti yake wa miaka minne ameshika kikombe.

"Usinywe, mwanangu! Wifi, yamwage hayo."

"Ala! Daktari wa chupa mbili. Si umesema safi sasa hivi, kwa mdomo wako?"

"Nilikuitikia tu."

"Haya, na maji?"

"Yana kinyesi. Choo chako kiko mita kumi na moja kutoka kisimani."

Wifi alimpokonya binti kikombe, akachungulia ndani. Kilikuwa nusu.

"Umepima lini?"

"Ulipochimba."

"Mwezi mzima unakuja hapa, unakaa kwenye mkeka wangu, unacheka na mwanangu. Na unajua."

"Sikuwa na uhakika. Nilisubiri chupa."

"Chupa ndiyo ndugu yako, basi."

Mpimaji alisema binti apewe maji yaliyochemshwa tu, na akiharisha apelekwe zahanati. Wifi alimwaga ndoo yote, akaingia ndani na binti, akafunga mlango.

Binti hakuharisha. Siku ya nne choo kilifukiwa. Kisima kilitiwa dawa mara mbili, na baada ya wiki tano chupa zote mbili zilibaki angavu. Mpimaji aliandika matokeo kwenye ubao wa pampu kwa chaki, akafungua kufuli, akarudi kusimama mlangoni pa nyumba yake mwenyewe.

Saa kumi na mbili na nusu wifi alifika pampuni. Alisoma ubao, akajaza ndoo, akajitwisha, akaondoka.