Samaki wa Shangazi

Saa tatu kasorobo asubuhi Daktari alifungua duka lake la samaki wa mapambo, akawasha taa za matangi, akachovya kidole katika kila tangi kusikia joto la maji, kisha akachukua wavu wake mdogo wenye mpini wa buluu akaanza kuopoa waliokufa. Siku hiyo walikuwa sita. Aliwafunga kwenye gazeti, akafuta vioo, akageuza kibao cha mlangoni. Daktari hakuwa daktari wa chochote. Jina alipewa na wateja kwa sababu kila samaki akifa alikuwa na maelezo, naye hakulikataa. Nani anakataa cheo cha bure?

Saa tatu na robo samaki wa shangazi yake akaingia. Alikuwa samaki wa dhahabu, aliyenunuliwa hapo hapo siku kumi kabla na kufa siku ya tisa. Aliogelea hewani, usawa wa kifua cha mtu, akapita juu ya kaunta bila haraka, akaenda kusimama mbele ya lile tangi kubwa la dirishani alikotoka. Mwili mzima ulikuwa na punje nyeupe, kama aliyenyunyiziwa chumvi.

"Si ufunge mlango," alisema mkewe, aliyekaa nyuma ya kaunta na binti yao wa miezi mitatu mapajani.

"Nikifunga wanapitia dirishani."

Ni kweli, alishajaribu. Samaki waliofia majumbani mwa wateja walikuwa wakirudi dukani tangu mwanzo wa mwaka, kila mmoja kwenye tangi alilotolewa. Hawakumdhuru mtu. Wateja waliwasogeza kwa mgongo wa mkono ili waone walio hai, wakasema samahani, wakaendelea kuchagua. Huyu wa leo alikuwa wa nne kutoka kwa Shangazi peke yake. Alijipanga na wenzake watatu, pua kwenye kioo, pale mpira mweusi wa maji unapoingilia.

Huo mpira ndio wenye maneno. Zamani tangi lile halikukaa dirishani. Lilikaa chumba cha nyuma, peke yake, na wavu wake na pampu yake, na kila samaki mgeni alitulizwa humo wiki tatu kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Bwana aliyemfundisha Daktari kazi hiyo hakuwa na somo lingine ila hilo: mgeni akae kando kwanza, kama anaumwa aumwe peke yake. Daktari alilifuata miaka minane. Halafu mwaka jana akaona dirisha limepwaya na tangi zuri limefichwa nyuma halionwi na mtu. Akalileta mbele, akalitia mawe meupe, akaliunga na mengine yote kwa mpira mmoja na pampu moja. Wavu wa buluu ukawa wa wote. Wageni wakaja Alhamisi, Ijumaa wakauzwa. Na tangu hapo, jamani, ni kuopoa tu kila asubuhi.

Alijua. Tusimsingizie ujinga. Alijua toka wiki ya kwanza, ila mteja aliporudi na maiti kwenye kopo, ulimi ulimtangulia: umemlisha kupita kiasi. Au: umebadilisha maji yote kwa mpigo. Watu walikubali papo hapo, kwa maana hakuna aliyefuga samaki asiyewahi kumzidishia chakula, na wengi waliomba radhi kabla ya kuondoka.

Sasa Shangazi. Shangazi ni dada wa baba yake, aliyemchukua akiwa na miaka mitano akamlea kwa cherehani. Alishona sare za shule miaka thelathini na mmoja, mpaka macho yakakataa tundu la sindano. Alinunua samaki wa kwanza ili nyumbani kuwe na kitu kinachosogea. Alipomrudisha, kwenye chupa ya jemu, Daktari alikuwa na wateja watatu mbele yake, akamjibu kama anavyowajibu wote: "Ni mkono wako, Shangazi. Unatia chakula kingi." Wa pili, akamwambia mkono ulikuwa na sabuni. Kwa wa tatu Daktari alikuta maneno yamemwishia, akayarudia yale yale. Kwa wa nne Shangazi hakuuliza tena. Alikuwa akimpimia chakula kwa ncha ya sindano, chembe moja asubuhi, chembe moja jioni, na bado.

Mtoto wa Daktari alipozaliwa alipewa jina la Shangazi. Shangazi alimngojea somo wake huyo kwa hamu, akamshonea shuka kwa kupapasa. Lakini tangu kufa kwa samaki wa tatu hakuwa amemgusa. Alikuja, akamtazama, akaficha mikono ndani ya shali.

Saa tano akaingia dada mmoja wa ofisi ya uvuvi, na kibao cha kuandikia chini ya kwapa. Alitumwa kuzunguka maduka yote na swali moja: je, magonjwa ya samaki wa mapambo yanaongezeka? Alianza kwa kuhesabu. Alihesabu walio ndani ya maji, akaandika. Akatazama waliosimama hewani, zaidi ya mia mbili, wamejazana mpaka darini.

"Hawa nao wako wengi," alisema.

"Wahesabu basi," mke wa Daktari alisema.

Dada yule alipitisha kidole kwenye fomu, juu mpaka chini. "Hapa wameandika samaki walio ndani ya maji. Nikiwaandika hawa, mkubwa wangu ataniambia nirudie kazi." Alimsogeza mmoja aliyemziba mwanga. "Kaka, wewe ndiye mwenye duka. Ukilinganisha na zamani, yameongezeka?"

Wakati huo Shangazi alikuwa ameshaingia. Alisimama karibu na mlango na ile chupa ya jemu, imeoshwa, tupu, akisubiri kama mtoto watu wazima wamalize kazi yao. Mke wa Daktari alimtazama mumewe. Alimtazama hasa, na mtoto akiwa katikati yao. Neno lilikuwa moja tu. Lingetosha kusemwa kwa pumzi moja na bibi yule angetoa mikono yake kwenye shali. Daktari aliona aibu.

"Magonjwa hayajaongezeka, dada," alisema. "Wasiojua kufuga ndio wameongezeka."

"Kweli tupu," alisema Shangazi kutoka mlangoni. "Andika, mwanangu. Mimi peke yangu nimeua wanne."

Dada wa uvuvi aliandika, akamwambia shikamoo na pole, akaenda duka la pili.

Shangazi alitaka mwingine. Alisema huyu ni wa mwisho, akishindwa na huyu hatasumbua tena. Daktari alitumbukiza wavu wa buluu katika tangi la dirishani, tangi pekee lenye samaki wa dhahabu, akamvua mmoja mchangamfu.

"Shangazi, nishikie huyu kidogo, nimsaidie kufunga mfuko," alisema mke, akamnyooshea mtoto.

"Ah, we! Mlaze tu hapo kwenye kaunta, mama. Hii mikono mimi mwenyewe siiamini."

Mtoto akalazwa kwenye kaunta. Shangazi aliinama kumwangalia kwa mbali, kisha akainua uso na kuwaona samaki wake wanne, wamejipanga mstari, wamempa mgongo, pua kwenye ule mpira mweusi.

"Nisameheni, wanangu," aliwaambia.

Hawakugeuka. Walibaki wakielekeza pale pale walipoelekeza toka walipofika.

"Hata kunitazama hawataki," Shangazi alisema.

Daktari alifunga fundo la mfuko mara mbili. "Mlishe kidogo tu, Shangazi."

"Kidogo kabisa, mwanangu. Asante kwa kunivumilia."

Aliondoka na mfuko kifuani. Mke alimchukua mtoto, akaenda kukaa naye chumba cha nyuma, mahali palipokuwa na tangi zamani, na siku nzima hakutoka.

Siku ya kumi Daktari alifungua duka saa tatu kasorobo. Akawasha taa, akapima joto, akaopoa wanane. Kisha akawasogeza wale wanne kwa mgongo wa mkono, akaacha nafasi ya mmoja, akaenda kuufungua mlango wazi.